Vumbi Hili Limetoka Wapi?

Hotuba niliyoitoa Moroto, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kiangazi hiki, nikiwa nimesimama kando ya meza yenye kitambaa kimoja, sumaku moja na chupa ya siki. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema; nimeondoa tu mahali nilipokohoa.

Wazee wetu, akina mama, maafande mliokaa kule karibu na mlango, vijana wa shule, hamjambo nyote.

Nimeombwa niseme kwa Kiswahili, na nimefurahi. Humu ndani nimesikia Kikaramojong, Kiturkana, Kiteso, Kiacholi na Kiganda, na lugha ambayo sote tunanunulia sukari ndiyo hii. Nikijikwaa kwenye majina ya madini mnivumilie. Majina yenyewe yalizaliwa magumu.

Mnakiona kitambaa hiki? Jana jioni kilikuwa cheupe. Niliosha meza iliyo barazani pale ninapolala, ikakauka, nikaiacha wazi usiku kucha. Leo alfajiri, kabla sijanywa chai, nilipitisha kitambaa mara moja tu kutoka ukingo huu hadi ule. Basi pitishianeni mkono kwa mkono, ila msikikung'ute. Hicho ni ushahidi.

Nilipokuwa nakikunja, mzee mmoja jirani, ninamwona pale safu ya pili, alinisalimia akaniambia, "Mwanangu, hilo si letu. Hilo ni la Turkana." Nikamuuliza, "Baba, umejuaje?" Akanyoosha fimbo mashariki: "Upepo umetoka huko." Sikumbishia, maana upepo kweli ulitoka huko. Lakini nilicheka kimoyomoyo. Mwaka juzi nilikuwa Lodwar, mji wa Turkana, ng'ambo ya mpaka huko Kenya, na mama aliyekuwa akiniuzia chai, huku akifunika maandazi yake kwa gazeti, aliniapia kwamba vumbi lote lile linatimuliwa na kwato za ng'ombe wa Karamoja. Tangu amani ya Lokiriama ya mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko, Wakaramojong wa upande huu wetu, wamekuwa wakigawana malisho na maji. Vumbi ndilo bado kila mtu anamwachia mwenzake.

Leo nataka tulipandishe vumbi lenyewe kizimbani, liseme kwao ni wapi.

Tuanze na upepo, kwa heshima ya mzee. Wapwani waliotuletea lugha hii wana jina kwa kila upepo: kaskazi, kusi, matlai, umande. Miezi ya Desemba hadi Machi ni ya kaskazi, na ikitufikia sisi huku imeshakauka koo. Halafu kuna upepo mwingine ambao Wapwani hawakuupa jina. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna uwazi kama mlango, na hewa ikipita mlangoni hukimbia. Watafiti wawili waliokuwa Kenya, Kinuthia na Asnani, waliueleza mkondo huo mwaka 1982. Ndio unaozungusha zile pangaboi 365 za umeme karibu na Ziwa Turkana. Unapita juu ya Chalbi, ambako zamani palikuwa na ziwa na sasa pana chumvi na udongo mkavu.

Sasa tazameni unakoelekea. Unatoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi, upande wa Sudan Kusini. Watu wa Kaabong na Kidepo wako karibu na njia yake kuliko sisi wa Moroto. Tena sisi tumekaa juu ya ukuta. Lodwar haifiki mita 600 kutoka usawa wa bahari, Moroto inapita 1,300; aliyewahi kuja na lori kutoka kule anajua injini inavyolia kwenye ule mpando. Vumbi linalotaka kutufikia nalo lazima lipande.

Kwa hiyo upepo ni shahidi, lakini ni shahidi aliyefika mwisho. Anajua nani amebisha hodi, hajui mgeni alilala wapi njiani. Chembe inaweza kunyanyuka Chalbi, ikaangushwa Lokichar, ikakaa miaka kumi kwenye mchanga wa mto mkavu, kisha chamchela moja ikainyanyua tena mchana mmoja wa Februari. Setilaiti nazo zinaona wingu la vumbi kutoka juu, na ni msaada mkubwa, ila mawingu mawili yakishachanganyika setilaiti haiwezi kukuambia lipi ni la nani.

Watu walianza kuliuliza vumbi zamani. Januari 1832, meli ya Uingereza iliyoitwa Beagle ilikuwa inakaribia visiwa vya Cabo Verde, magharibi ya Afrika. Hewa ilikuwa na ukungu wa vumbi. Kijana mmoja ndani ya meli, Charles Darwin, aliona vumbi la kahawia limenaswa kwenye kitambaa chepesi cha bendera ya upepo juu ya mlingoti, akalikusanya kwenye kipakiti. Mnaona, yeye naye alianza na kitambaa. Baadaye alipeleka vipakiti vitano kwa Profesa Ehrenberg wa Berlin, mtu aliyeshinda na hadubini maisha yake yote. Ehrenberg akakuta humo maumbo 67 ya viumbe vidogo na vipande vya mimea. Karibu viumbe vyote vilikuwa vya maji baridi, na magamba yao ni kama vioo vidogo. Siku hizi wengi wao tunawaita diatomu.

Fikirini jambo hilo. Vumbi limekamatwa katikati ya bahari ya chumvi, na ndani yake kuna wakazi wa ziwa.

Lakini ninachokipenda zaidi katika kisa hicho ni mahali kilipokwama. Ehrenberg alikuwa anajua spishi nyingi za Afrika, na kwenye vipakiti hakuona hata moja kati ya zile alizozijua kuwa za Afrika peke yake. Akaona mbili ambazo yeye alikuwa anazijua Amerika Kusini tu. Darwin, aliyekuwa ameusikia upepo usoni, alishikilia kwamba vumbi ni la Afrika, na alikuwa na haki. Macho ya profesa hayakuwa na kasoro. Kabati lake ndilo lilikuwa na upungufu: Afrika iliyokuwa mle kabatini ilikuwa ndogo kuliko Afrika yenyewe. Mimi nimefanya kazi ya udongo miaka mingi, na kila ninapotaka kutamka kwa kiburi kwamba vumbi fulani "halifanani na la kwetu", namkumbuka Ehrenberg, nauliza kwanza la kwetu nimelikusanya wapi na wapi.

Leo tunajua kwamba chimbuko kubwa kuliko yote la vumbi duniani ni bonde la Bodélé, Chad, kati ya milima ya Tibesti na Ennedi. Nalo lilikuwa sakafu ya ziwa kubwa la kale, limejaa magamba ya diatomu, meupe kama unga. Upepo unabanwa kati ya milima ile miwili kama huu wetu wa Turkana. Vumbi la Sahara na nchi za jirani linavuka bahari mpaka msitu wa Amazon, na watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti vya miaka 2007 hadi 2013 walikadiria kwamba linapeleka kule fosforasi tani 22,000 hivi kwa mwaka. Mbolea ya bure. Wakulima wa Mbale wangeililia.

Sasa kemia yenyewe. Wanafunzi, hapa ndipo pa kuandika.

Udongo ni mwamba uliochoka. Jua, mvua na mizizi vimeuvunjavunja, lakini haukusahau ulichoumbwa nacho. Udongo uliotokana na chokaa utakuwa na kalsiamu nyingi. Uliooshwa na mvua miaka na miaka, kama ule mwekundu wa Buganda, umepoteza kalsiamu na sodiamu, umebaki na chuma, alumini na ule mfinyanzi mweupe uitwao kaolini. Wekundu wake ni kutu, basi. Kwa hiyo mtu akipima kalsiamu dhidi ya alumini, au chuma dhidi ya alumini, tayari anaanza kuwatenga wanaoshukiwa.

Ila vipimo hivyo vinaweza kupotoshwa. Mvua ikinyesha juu ya vumbi inaondoa baadhi ya kalsiamu, na hesabu inabadilika. Panatakiwa alama isiyofutika, na alama hiyo iko ndani ya atomu.

Kuna elementi iitwayo rubidiamu. Inapenda kukaa pale potasiamu inapokaa, ndani ya madini kama ulanga na feldispa. Nyingine inaitwa strontiamu. Yeye rafiki yake ni kalsiamu. Aina moja ya rubidiamu, ile ya namba 87, haitulii: inageuka polepole kuwa strontiamu ya namba 87. Polepole kiasi gani? Nusu yake kugeuka inachukua karibu miaka bilioni 49, na dunia yenyewe haijafika hata bilioni 5. Kwa hiyo mwamba wa kale uliozaliwa na rubidiamu nyingi umejikusanyia strontiamu 87 kama mzee anavyokusanya mvi, na lava changa haina mvi.

Wapimaji wanachukua strontiamu 87 wanaigawanya kwa strontiamu 86. Lava changa mara nyingi inatoa 0.704 au jirani na hapo. Maji ya bahari ni 0.709. Graniti ya kale inaweza kupita 0.720. Najua mnaona hizo ni tofauti za kuchekesha, desimali ya pili na ya tatu! Mashine inasoma mpaka ya tano, kwa hiyo kwake umbali kati ya 0.704 na 0.720 ni kama Moroto na Mombasa. Ziko dada nyingine, samariamu na neodimiamu, zinazofanya mchezo huohuo. Uzuri wa neodimiamu ni kwamba haiyumbishwi sana na ukubwa wa chembe, na jambo hilo la ukubwa nitalirudia sasa hivi.

Kama mnadhani haya ni ya Wazungu na jangwa lao, twendeni Jinja, Nile inakotoka ziwani. Matope ya Nile ya Buluu na ya Atbara yanatoka kwenye lava za Ethiopia, namba yake ya strontiamu ni ndogo. Ya Nile Nyeupe yanatoka kwenye miamba ya kale ya huku kwetu, namba yake ni kubwa. Watafiti wamechimba delta kule Misri, tabaka kwa tabaka, wakaona namba inapanda na kushuka kwa maelfu ya miaka. Inaposhuka, Ethiopia ilikuwa inapata mvua kidogo, mimea inayoshika udongo milimani ikapungua, na matope mengi yakamwagika. Mto na upepo wote ni wachukuzi, na mizigo yao inafunguliwa kwa njia moja.

Haya, turudi Moroto, maana ndipo mambo yanaponoga na kuharibika kwa pamoja.

Mlima huu hapa nyuma yetu ni volkano iliyokufa, ya miaka milioni 20 hivi. Ndani ya tabaka zake ndimo yalimotoka mabaki ya yule nyani mkubwa wa kale ambaye wanasayansi walimpa jina la mji wetu, Morotopithecus. Lava hiyo imekaa juu ya miamba ya kale sana, ile inayometameta ulanga kwenye mchanga wa mito yetu mikavu. Kwa hiyo tuna namba mbili chini ya paa moja: ndogo ya mlima, kubwa ya uwanda.

Na Turkana? Matope ya Ziwa Turkana yameletwa zaidi na Mto Omo kutoka Ethiopia, na milima ya Ethiopia kule ni lava. Namba ndogo. Mmeona kesi ilivyo ngumu? Nikipata namba ndogo kwenye kitambaa hiki siwezi kusema moja kwa moja "Turkana". Huenda ni lava ya mlima wetu wenyewe, imeshuka tu na ng'ombe. Ni kama watoto wa mama wadogo na mama wakubwa: sura moja, nyumba mbili.

Hapo unaita mashahidi wengine. Ziwa Turkana ni la magadi, na zaidi ya miaka 6,000 iliyopita maji yake yalifika makumi ya mita juu ya yalipo leo, kisha yakarudi nyuma yakaacha sakafu wazi. Vumbi la sakafu kama hiyo linabeba sodiamu, chokaa na magamba ya diatomu. Mtaniambia hata bwawa la Kobebe lina diatomu. Ni kweli, lakini wanaopenda maji ya magadi si wale wanaopenda maji matamu, na mwenye hadubini na subira anawatenganisha. Yaani tumezunguka kote na mashine za bei ya nyumba, tumerudi kwa Ehrenberg.

Akina mama, sasa nawahitaji. Mnapopepeta mtama, nini kinaenda mbali? Makapi. Nini kinarudi kwenye ungo? Punje. Kati yake kuna vipande vinavyoangukia miguuni. Upepo ni mpepetaji mkubwa. Mchanga unaangukia palepale. Chembe nzito kama zirkoni hazisafiri sana. Mfinyanzi mwembamba ndio unaopanda na kwenda. Sasa mtu akichukua koleo la udongo wa Chalbi mzimamzima, akalinganisha na vumbi jembamba lililotua Moroto, amelinganisha debe la mtama na makapi. Vitatofautiana hata kama vimetoka shamba moja! Strontiamu hasa inabadilika kufuatana na ukubwa wa chembe, maana ulanga unasagika ukaingia kwenye vumbi jembamba. Ndiyo maana udongo wa mahali panaposhukiwa unachekechwa kwanza, unachukuliwa ule mwembamba tu, ndipo unapimwa. Makosa mengi niliyoyaona kwenye kazi hii ni ya chekecheo, wala hayakutokana na mashine.

Na kosa langu mimi mwenyewe? Nitawaambia, kwa kuwa wanafunzi wanadhani wenye maabara hawakosei. Miaka ya nyuma nilikusanya vumbi kiangazi kizima kutoka juu ya paa la shule moja. Nilipanda ngazi kila Jumamosi na brashi yangu na bahasha ya kaki. Nikapeleka maabara. Majibu yakaja: zinki, nyingi mno. Sikulala usiku ule. Nikafungua ramani za jiolojia, nikatafuta kilima chenye zinki, nikaandika kurasa nne za maelezo kuhusu upepo na machimbo yaliyosahaulika. Asubuhi mwalimu wa zamu alinikuta na karatasi zangu, akasoma kidogo, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na bati lenyewe limepakwa nini?"

Bati linapakwa zinki ili lisishike kutu. Nilikuwa nimebrashi paa.

Tangu siku ile nakusanya kwa sahani ya plastiki. Kurasa zile nne ninazo bado, nimezitumia kufungia vikombe.

Siki na sumaku hizi ni za wanafunzi. Wiki hii tulifanya zoezi dogo nao. Walileta udongo kwenye makopo: mmoja kutoka upande wa Rupa kunakochimbwa marumaru, mwingine kutoka mtoni, mwingine ule mweusi unaopasuka wakati wa jua. Tukadondosha siki. Wa Rupa ulichemka kama soda, kwa sababu marumaru ni chokaa iliyopikwa na dunia. Wa mtoni ulikaa kimya, lakini ulimetameta ulanga. Ule mweusi tuliukausha tukausaga, tukapitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi, ikatoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma, kwa sababu lava ina madini ya sumaku. Msichana mmoja akasema basi na pua yake inaweza kusema amepita wapi leo. Nikamwambia hajakosea, ila jaribio hilo tusilifanye siku hiyo.

Uganda yetu ina udongo wenye sura zinazojulikana upesi. Nipeni vumbi la karibu na Kilembe, ambako shaba ilianza kuchimbwa mwaka 1956: litakuwa na shaba na kobalti. Nipeni la Tororo, chini ya lile jiwe refu: mwamba ule ni wa aina adimu, kabonatiti, chokaa iliyotoka tumboni mwa volkano, na udongo wake una strontiamu na fosforasi kuliko kawaida. Nipeni la kando ya barabara ya Kampala: kwenye wekundu wa kawaida utakuta zinki ya matairi, shaba na bariamu za breki, na katika udongo wa chini kidogo bado kuna madini ya risasi yaliyobaki kutoka enzi za petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini ya Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Na mkiona potasiamu inayoyeyuka majini imezidi, hapo mmeshika moshi. Kuna mtu amechoma nyasi.

Niongeze kisa kimoja cha mbali, kwa sababu kinahusu lawama, na sisi tumeanza na lawama. Tarehe 13 Februari 1960, Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza la atomiki karibu na Reggane, kusini mwa Algeria. Machi 2022 vumbi zito la Sahara liliifikia Ulaya, magari yakawa ya machungwa, na watu walikuwa na hofu kwamba Ufaransa inarudishiwa sumu yake kwa upepo. Watafiti wakawaomba raia wa kawaida wawakusanyie vumbi, wakapata sampuli 110. Kemia ya udongo na njia ya upepo vilionyesha kwamba kusini mwa Algeria ilikuwa kati ya machimbuko. Lakini walipopima plutoniamu, uwiano wa aina zake haukuwa ule wa mabomu ya Ufaransa. Ulikuwa ule wa majaribio ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti, yaliyosambaza majivu yake dunia nzima miaka ya hamsini na sitini. Na kiasi chenyewe hakikufika cha kudhuru. Vumbi lilikuwa la Algeria, mzigo ulikuwa wa watu wengine. Kujua mchukuzi anatoka kijiji gani hakukuambii gunia ni la nani.

Mzee wangu wa safu ya pili, najua unasubiri hukumu.

Kabla ya kuja hapa nilikikung'uta kipande kidogo cha kitambaa hiki chini ya hadubini ya shule. Niliona punje kubwa, za kioo na za ulanga, nyingine zinakaribia upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Punje za ukubwa huo hazikupanda ule ukuta kutoka Lodwar. Zimeruka kutoka barabarani, kwenye njia ya ng'ombe na kwenye mto huu hapa chini. Hizo ni zetu, baba, samahani.

Lakini usinyanyuke. Kati ya hizo kubwa kuna ukungu wa chembe ndogo sana ambazo hadubini ya shule haiwezi kuzitenga. Punje moja ya sehemu ya kumi ya milimita ina uzito wa chembe milioni 1 za upana wa mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Nikipima kwa mizani, kitambaa ni cha Karamoja karibu chote. Nikihesabu vichwa, walio wengi ni hao wadogo, na hao ndio wanaoweza kupanda mita elfu na kuvuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Ndio pia wanaoingia ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilipopunguza kiwango mwaka 2021, lilisema chembe za chini ya mikroni 2.5 zisizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa wastani wa mwaka. Mama anayefagia uwanja wa manyatta alfajiri anavuta za wenyeji na za wageni kwa pumzi moja.

Kwa hiyo wewe huenda unasema kweli kwa idadi, na yule mama wa chai wa Lodwar, kwa upande wake, pengine anasema kweli vilevile. Kujua kati ya hao wadogo ni wangapi wa Turkana kunahitaji udongo wa pande zote mbili kwenye kabati moja, uliochekechwa kwa chekecheo moja.

Basi sahani ziko pale mezani. Ni za plastiki, msibadilishe na za bati, mmeshasikia yaliyonipata. Zifungwe juu ya mti mrefu kuliko mtu, mbali na jiko na mbali na barabara, mbuzi asifike. Mtaniwekea mpaka mvua ya kwanza ya Aprili. Mkija, leteni na kijiko kimoja cha udongo wa juujuu kutoka nyumbani, kimoja kutoka njia ya ng'ombe na kimoja kutoka mtoni, kila kimoja kwenye karatasi yake, na mwandike mahali. Msioshe vijiko kwa sabuni ya unga, ina sodiamu na fosforasi.

Dereva wa lori anayekwenda Lodwar kesho, yule aliyeegemea mlango, amekubali kuchukua sahani nne na bahasha kumi na mbili. Moja ni ya yule mama wa chai, nimemwandikia barua fupi. Na mzee ameniomba sahani mbili. Moja ataiweka mashariki ya boma na nyingine magharibi, anasema, ili nisimdanganye.